Mangeni na Maji Matamu ya Kilmorva

Wasikilizaji wapendwa, hakuna kipindi kinachosikilizwa mpakani kote kama hiki changu. Kutoka Malaba hadi Busia, kila nyumba yenye msiba inanisikiliza. Najua, kwa sababu nilizunguka nikauliza mwenyewe. Niliwauliza watu wakiwa matangani, spika imefungwa juu ya paa, na hakuna aliyekuwa na ngazi ya kwenda kuizima.

Basi karibuni, nyinyi msio na ngazi. Ni mimi Benedeta wenu.

Leo tunamkumbuka Mzee Patroba Mangeni. Narudia kwa wanaotafuta stesheni: Patroba Mangeni, wa Busia upande wa Kenya, Msamia, mkalimani wa zamani wa majosho ya ng'ombe kule Tororo, Uganda. Alifariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, kitandani kwake, akiwa na miaka themanini na tisa. Tumemzika Jumamosi.

Mkewe, Mama Roselyn, ameniambia hivi: "Aliomba uji. Nikaenda kutafuta sukari. Niliporudi, akawa ameshaondoka. Nilishangaa, kwa sababu huyu mzee maisha yake yote hakuondoka mahali kabla ya kutia sukari."

Wanaomjua wamecheka. Wasiomjua wangoje kidogo.

Wasikilizaji, Mangeni alifanya mengi, lakini huku kwetu Sop Sop, kijiji cha Tororo, tunamkumbuka kwa jambo moja. Alikuwa mshenga wa ndoa iliyokaribia kushindikana. Na ili ndoa ile ifungwe, ilimbidi awatambulishe wazee wetu nchi ya mbali, pwani ya Uskoti. Kama aliwahi kuikanyaga au hakuikanyaga, mtaamua wenyewe mwisho wa kipindi.

Mwaka wa 1963 alikuja Tororo kijana wa Kizungu, bwana mifugo. Jina lake Ewan. Sisi tulimwita Iwani, naye akaitika. Hakuwa Mzungu wa kutisha. Masikio yalikuwa yameungua jua, na kofia yake ilikuwa imekanyagwa na fahali, lakini aliivaa hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ng'ombe wanaogeshwa dawa ya kupe. Mangeni alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na minane. Yeye ndiye aliyekuwa kinywa chake.

Na kinywa gani! Iwani akisema kwa Kiingereza, "Mwambie huyu mzee ng'ombe wake amejaa kupe," Mangeni anamgeukia mzee: "Bwana anakusalimu. Anasema ng'ombe wako ni mtamu, ndiyo maana kupe wote wa Tororo wamemchagua." Mzee anacheka, anampeleka ng'ombe joshoni kwa hiari yake. Iwani anadhani Kiingereza chake ndicho kinachofanya kazi.

Sasa, baba yangu mkubwa, Mzee Othieno, alikuwa na binti anaitwa Loy Athieno. Loy alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wakati wa likizo alipeleka ng'ombe wa baba yake joshoni. Mwanzoni alikwenda kwa sababu ng'ombe walikuwa wachafu. Baadaye ng'ombe wale wakawa safi kuliko watoto, na bado alikwenda. Mapenzi mengine huanzia kwenye marashi. Haya yalianzia kwenye dawa ya kupe.

Mwaka wa 1965 kazi ya Iwani ikamalizika. Ilibidi arudi kwao, kijiji kinaitwa Kilmorva. Kilmorva, pwani ya magharibi ya Uskoti. Mama yake alikuwa peke yake kule, na yeye alikuwa amepata kazi ya kuangalia kondoo wa wilaya ile. Alitaka kuondoka na Loy. Loy alitaka kwenda. Lakini Loy alimwambia waziwazi, mbele yangu, "Sitoroki. Nikitoka, nitatoka kwa mlango wa baba yangu. Baba akikataa, wewe nenda salama."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Wazee wakikubali, wanaondoka wawili. Wazee wakikataa, meli inamchukua mmoja.

Na desturi yetu mnaijua. Kabla ya kupokea mahari, shangazi wa binti anakwenda kuona boma la kijana. Anaangalia jiko. Anaangalia ghala. Anaangalia maji yanachotwa wapi. Akirudi akisema "nimeona", mambo yanaendelea. Asipoona, hakuna ndoa. Shangazi wa Loy alikuwa Shangazi Anjeline. Mjane, mrefu, mwenye maneno machache. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, na aliishi naye Mombasa miaka mingi. Nimesema Mombasa. Liwekeni hilo mfukoni.

Basi siku ya mazungumzo ikafika. Wazee wamekaa uani. Iwani amevaa koti la sufu jua la mchana, jasho linamtiririka. Mshenga wake ni Mangeni, viatu vinang'aa. Sisi wasichana tuko jikoni na Loy, masikio kwenye ufa wa ukuta. Iwani alisema kwa Kiingereza, na Loy akaninong'oneza aliyoyasema. Kisha Mangeni akageuza kwa Kidhopadhola, lugha yetu, nami nikasikia mwenyewe. Kwa hiyo mimi nilikula sahani mbili.

Baba mkubwa Othieno akaanza: "Kijana, kwenu ni wapi na kuna nini?"

Iwani akasema ukweli: "Ni Kilmorva. Kuna mawe, kondoo, bahari na mvua. Miti hakuna. Upepo umeimaliza."

Mangeni akakohoa. "Anasema ni mahali pa wazi, wazee. Mgeni unamwona akiwa bado mbali. Mwizi hana pa kujificha."

"Kama hakuna miti, mnapikia nini?"

"Udongo," akasema Iwani. "Tunakata udongo mweusi, tunaukausha, unawaka."

Mangeni alimwangalia. Akamwuliza tena. Iwani akarudia. Mangeni akajifuta uso, akawaambia wazee: "Anasema... wanachoma udongo."

Mzee Oluka, jirani yetu Mwiteso, alikuwa na mrija wa ajono, pombe yao ya nafaka, mdomoni. Akautoa. "Wanachoma shamba? Halafu wanalima nini, moshi?"

Uani wakacheka. Iwani naye akacheka, bila kujua kwa nini. Akaongeza kwamba miezi ya joto jua huchelewa kuzama, watoto wanakwenda kulala huku nje bado ni kweupe. Mangeni akaivusha hiyo pia. Mzee Oluka akarudisha mrija mdomoni. "Huyu sasa anatuona sisi ndio watoto."

Wasikilizaji wapendwa, yote hayo yalikuwa kweli. Udongo wao unawaka, na jua lao ni vivyo hivyo, linachelewa kama mimi nikienda kanisani. Lakini ukweli wote ule wazee waliukataa.

Baba mkubwa akauliza, "Umeme upo?"

"Bado," akasema Iwani.

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Tororo yetu wakati huo ilikuwa na umeme, na kiwanda, na treni. Baba mkubwa akainama mbele. "Mzungu asiye na umeme? Yaani tumtoe mwalimu wetu, tumpeleke mahali palipo nyuma ya Tororo?"

Loy alinishika mkono. Kucha zake ziliniingia. Alama ilikaa siku nyingi.

Ndipo Mangeni akasimama, akarekebisha kola. "Wazee wangu, msiangalie palivyo. Angalieni panavyokuja! Sisi wenyewe juzi tulikuwa nani? Si tumepata uhuru juzi tu? Kilmorva inakuja. Serikali yao inajenga gati, mashua zitie nanga bila kuvunjika. Mto wao utazuiwa, utoe umeme. Wanapanda msitu wa serikali, pale upepo ulipomaliza miti. Kutakuwa na nyumba ya kusafishia samaki, vijana waache kukimbilia mjini. Na barabara ya lami inakuja mpaka kijijini!"

"Hiyo barabara imefika wapi?"

Mangeni akamwinamia Iwani. Iwani akajibu. Mangeni akamwomba afikirie vizuri. Iwani akarudia lile lile.

"Imefika," akasema Mangeni.

"Imefika wapi?"

"Kwenye ramani."

Baba mkubwa akatikisa kichwa. "Hata yetu iko huko tangu mkoloni. Basi, zikikutana, zisalimiane."

Hapo Shangazi Anjeline akanyoosha mkono. Alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. "Barabara ni maneno ya wanaume. Mimi nauliza moja tu. Nani hapa ameiona Kilmorva kwa macho? Jiko lake nani ameliona? Maji yake nani ameyachota? Mimi siwezi kwenda. Basi nani atasema 'nimeona'?"

Jogoo mmoja alipita katikati ya wazee. Iwani alimwangalia Mangeni. Mangeni aliangalia viatu vyake. Baba mkubwa alikuwa ameshashika fimbo yake ili ainuke, na mzee akiinuka, kikao kimekwisha.

"Mimi," akasema Mangeni. "Mimi nimeiona."

Kila mtu akageuka. Hata jogoo.

"Wewe?" akasema Shangazi.

"Mimi, Shangazi. Kabla ya majosho nilikuwa mpishi wa bwana mmoja wa reli. Alipokwenda likizo Uskoti, akasema, 'Mangeni, sili chakula cha mtu mwingine.' Akanichukua. Tulipita hapo hapo Kilmorva."

Sasa wasikilizaji, mpakani watu wana midomo. Wako waliosema safari ile iliishia Nakuru. Wakasema bwana alimwacha pale achunge mbwa wake mpaka atakaporudi. Mimi sisemi. Mimi kazi yangu ni matangazo.

Shangazi akamkazia macho. "Maji yako wapi?"

"Mlangoni! Mwanamke anafungua mlango, bahari hii hapa. Anachota, anatia sufuria jikoni. Mambo ya kubeba mtungi kutoka kisimani, kwaheri."

Akina mama wakapiga vigelegele. Kisima chetu cha Sop Sop kilikuwa mbali, na njia ina mlima. Wamama wale walikuwa wameubeba mlima huo tangu kuolewa.

"Na ni matamu?"

Mumwelewe Mangeni. Alizaliwa Usamia, kando ya Ziwa. Kule kwao maji yakiwa mengi mpaka usione ng'ambo, unachota na unakunywa. Bahari alikuwa ameisikia tu. Akajibu kwa moyo mweupe kabisa: "Matamu kama ya kwetu ziwani, Shangazi. Ukipikia chai, sukari unapunguza."

Vigelegele mara ya pili. Loy akaficha uso kwenye bega langu, anatetemeka. Nilidhani analia. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita, na bahari tulikuwa hatujaifikia. Tulikuwa bado kwenye milima.

Shangazi Anjeline hakupiga kigelegele. Alimtazama Mangeni kwa muda. Kisha akamsukuma kando kwa mkono, kama mtu anayefungua pazia, akamwambia Iwani kwa Kiswahili, "Wewe. Sema mwenyewe. Hiyo bahari yenu ni nzuri?"

Kiswahili cha Iwani kilikuwa cha joshoni. Akasema, "Hapana nzuri, Mama. Bahari nakula baba yangu. Nakwenda na mashua, hapana rudi."

"Mlimzika wapi?"

"Hapana kaburi. Mama yangu nakaa dirishani. Naangalia maji tu. Kila siku naangalia maji."

Wazee waliacha mirija. Kwetu, mtu akipotea majini, tunatafuta tunda la yago, lile refu zito kama mtoto, tunalizika badala yake, ili naye apate mahali. Shangazi akamweleza hivyo, polepole. Akauliza, "Hamkuzika hata yago?"

"Yago hapana. Miti hapana, Mama."

Shangazi akauliza lile ambalo wote tulikuwa tunaliogopa. "Na huyu mtoto wetu akifa huko?"

Iwani alivua kofia yake ile iliyokanyagwa. "Kama yeye nasema nyumbani, mimi naleta. Mtu bila kaburi, mimi najua."

Shangazi akawageukia wazee. Akasema, "Nimeona." Neno moja tu. Baba mkubwa akairudisha fimbo chini.

Siku ya kuondoka, tulimsindikiza Loy stesheni ya Tororo. Shangazi alitia katika sanduku lake tunda la yago, amelifunga kwa kanga kama mtoto mchanga. "Mpe mama mkwe wako. Alizike, mume wake apate kwao. Na siku utakayorudi, niletee maji ya mlangoni pako."

Loy bado yuko Kilmorva. Alinipigia simu jana aliposikia habari za Mangeni. Amesema, "Mama mkwe alilizika lile yago juu kidogo ya ufuo, akaweka jiwe. Kanga hakuizika. Alijifunika mpaka alipokufa. Na kuanzia siku ile, dada, aligeuza kiti chake. Akawa anakaa akiangalia moto."

Narudia kwa waliochelewa. Tunamkumbuka Mzee Patroba Mangeni wa Busia. Baada ya kazi ya majosho alifanya biashara ndogo pale mpakani. Alikuwa mzee wa kanisa. Mtu akikwama kwa lugha, Mjaluo na Mwiteso wakigombania mbuzi, aliitwa Mangeni. Wanagombana wakiwa wawili, wanaondoka wakiwa mashemeji. Binti yake, Wilkister, ameniambia, "Baba alitufundisha kwamba ukivusha maneno ya mtu mpaka, uyanawishe uso kwanza."

Kwako Mama Roselyn, kwako Wilkister na ndugu zako, kwa wajukuu, na kwa Loy na Iwani kule mbali: poleni. Poleni sana. Mmepoteza mtu ambaye hakumwacha mwenzake asimame peke yake mbele ya wazee. Mungu amlaze pema, na huko pema kama wanataka mkalimani, wamepata.

Nasi tuliobaki tujiulize. Leo lori zinapita mpakani mchana na usiku, na kila mtu ana lugha ya biashara. Lakini ni nani kati yetu anayeweza kusimama uani kwa watu, akaliombea boma la rafiki yake kama ni lake? Tafakarini hilo mkiwa mnakunywa chai.

Na kwa habari ya hiyo chai, fundi wa mitambo ananionyesha saa, na mimi namwonyesha mgongo. Siwezi kumwacha Mangeni kaburini bila hii.

Desemba ya 1969, Loy na Iwani walikuja Sop Sop kutembea, na mtoto wao mgongoni. Uani tulikuwa wale wale. Baba mkubwa akauliza habari za Kilmorva. Loy akasema gati limejengwa. Msitu umepandwa, miti inafika magotini. Barabara imetoka kwenye ramani, imefika kwenye kona ya kanisa. Nguzo za umeme zimesimama, umeme wenyewe haujaingia.

"Kama kwa jirani hapa," akasema Mzee Oluka, akaridhika.

Kisha Loy akatoa chupa ya soda, imezibwa kwa nta. Akampa Shangazi Anjeline kwa mikono miwili. Shangazi akaipokea, akaniita jikoni, akaniambia nichemshe sufuria mbili. Moja ya wageni wote. Nyingine ndogo, kikombe kimoja tu, ya maji ya chupani.

Nilimpelekea Mangeni kikombe chake mwenyewe. Alikuwa amevaa tai. Shangazi akaketi mkabala naye.

"Mwanangu Mangeni," akasema, "hiyo yako ni ya heshima. Nimeipika kwa maji ya mlangoni pa Kilmorva. Wewe ndiye uliyetuambia ni matamu."

Mangeni akatabasamu, akapiga funda kubwa. Macho yakamtoka. Mishipa ya shingo ikasimama. Iwani akaanza kusema, "Mangeni, ndugu yangu, hiyo..." Loy akamkanyaga mguu.

Mangeni akameza. Akainua kikombe tena, akanywa mpaka chini, chozi linashuka mpaka kwenye tai. Akakiweka mezani taratibu.

"Ndiyo yenyewe," akasema, sauti imekauka. "Ndiyo yenyewe, Shangazi. Matamu. Nilikuwa nimeanza kuyasahau."

Shangazi Anjeline, aliyekaa Mombasa miaka mingi na mume wake wa reli, akamsogezea bakuli la sukari.

"Na wale mbwa wa Nakuru," akamwuliza, "uliwaacha wazima?"